Kulainisha gia za difu kwenye gari la rimoti: oili ndani, grisi nje

Wengi wenye magari ya rimoti hawafungui difu, yaani fungu la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, mpaka siku ianze kukwaruza, na ikishafikia hapo meno ya gia huwa yameshalika. Difu imejificha ndani ya giaboksi na gari huendelea kutembea hata oili ikiwa imevuja yote, kwa hiyo hakuna kinachokushtua mapema. Ukiizoea, kazi ya kuifungua, kuisafisha na kuijaza upya haizidi jioni moja. Hicho ndicho nitakachoeleza hapa kwa kirefu, kuanzia kwenye skrubu ya kwanza hadi unaporudisha gari chini.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba kwenye difu kuna sehemu mbili za kulainishwa, na kila moja ina kilainishi chake. Ndani ya kasha la difu kuna gia ndogo zinazozunguka zikiwa zimezama kwenye oili ya silikoni. Nje ya kasha kuna krauni, ile gia kubwa inayokutana na pinioni inayoleta nguvu kutoka kwenye mota, na hiyo inataka grisi. Ukiweka grisi ya kawaida ndani, gari litabadilika tabia kila siku kadiri grisi inavyosukumwa pembeni na gia. Ukiweka oili nje, itarushwa yote dakika za mwanzo na krauni itabaki kavu.

Kinachotokea ndani ya kasha

Gari likikata kona, gurudumu la nje linasafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoruhusu magurudumu hayo mawili yazunguke kwa kasi tofauti huku yote yakiendelea kupata nguvu. Ndani yake kuna gia mbili kubwa za pembeni, kila moja ikiwa imeshikana na kikombe cha shafti (kikombe kinachopokea shafti ya gurudumu) cha upande wake, na katikati yake zipo gia ndogo mbili au nne zilizovikwa kwenye pini. Nitaziita gia za msalaba, kwa sababu kwenye difu nyingi pini zake mbili zimepishana kwa umbo hilo.

Gari likienda moja kwa moja, na magurudumu yote mawili yakishika ardhi sawasawa, gia hizi hazisagani kabisa. Kasha zima linazunguka kama kipande kimoja. Zinaanza kuzunguka zenyewe kwa zenyewe pale tu gurudumu moja linapotaka kwenda kasi kuliko lenzake, na hapo ndipo oili inaposhika kazi: inazuia gia zisizunguke ovyo. Oili nyepesi inaziachia, oili nzito inazishikilia na kulazimisha nguvu iende pia kwenye gurudumu lililoshika ardhi. Kwa hiyo oili ya difu inalinda meno, na papo hapo inaamua namna gari litakavyokata kona. Ndiyo maana kila ninapojaza difu nasisitiza kiwango kiwe kilekile. Kunakili difu ya mtu mwingine yenye oili ya namba 5,000 hakutakusaidia kitu ikiwa yako ya 5,000 ina nusu kasha.

Jua kwanza difu uliyo nayo

Difu ya gia iliyofungwa kwa gasketi na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) ndiyo inayojazwa oili. Utaitambua kwa skrubu nne hivi zinazobana krauni au mfuniko kwenye kasha, na kwa oringi iliyo nyuma ya kila kikombe cha shafti.

Difu ya gia isiyo na oringi ipo kwenye magari mengi ya kuanzia. Tamiya TT-02, kwa mfano, inapotoka kwenye boksi lake huja na difu ya aina hiyo. Ukiijaza oili itavuja siku hiyohiyo na kuloanisha giaboksi nzima. Inataka grisi nzito, na nitairudia baadaye.

Difu ya gololi haina gia ndani. Ina gololi ndogo zinazobanwa kati ya sahani mbili za chuma, na ulainishaji wake ni habari nyingine kabisa.

Magari ya kupanda miamba mara nyingi hayana difu inayofanya kazi: ekseli imefungwa ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja daima. Huko unashughulika na grisi ya krauni na pinioni pekee.

Namba zilizoandikwa kwenye chupa

Mnato wa oili za difu hupimwa kwa sentistoki, ambayo huandikwa cSt. Maji ya kawaida kwenye nyuzijoto 20 yana karibu 1 cSt. Oili za shoki za magari haya huwa katika mamia. Oili za difu huanzia karibu 1,000 na kupanda hadi 1,000,000, ambayo ukiinamisha chupa yake unaweza kwenda kufanya shughuli nyingine ukarudi kabla haijafika mdomoni.

Chupa nyingine zina kipimo cha "wt". Kuwa mwangalifu nacho, kwa sababu watengenezaji hawakipimi kwa namna moja, na chupa mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana waziwazi. Ukiweza, nunua zenye cSt na ushikamane na mtengenezaji mmoja. Herufi K inayofuata namba ina maana ya elfu: 7K ni 7,000.

Mwongozo uliokuja na gari lako ndio mahali pa kuanzia, na mtengenezaji kwa kawaida ameshaandika namba ya kila difu. Kama umepotea, au gari umelinunua mikononi mwa mtu, hizi ni namba zinazofanya kazi kwa magari mengi:

- Bagi (gari jepesi la nje ya barabara) ya 1/8, yaani ukubwa wa sehemu moja kwa nane ya gari halisi, ya magurudumu manne yanayovuta: mbele 5,000 hadi 10,000, kati 5,000 hadi 10,000, nyuma 2,000 hadi 5,000.
- Gari la 1/10 la lami lenye difu ya gia nyuma: 3,000 hadi 10,000. Mbele wengi hufunga kabisa.
- Lori kubwa la kuruka na kuchezea ovyo: mbele 10,000 hadi 30,000, kati 30,000 hadi 100,000 au zaidi, nyuma 5,000 hadi 20,000.

Difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inahitaji maelezo kidogo. Ukibana mwendo kwa nguvu, pua ya gari huinuka na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Nguvu hufuata njia rahisi, kwa hiyo oili nyepesi ya kati inaiacha ikimbilie mbele: tairi za mbele zinavimba kwa kasi huku gari likikosa msukumo nyuma. Ukiliona gari linafanya hivyo, ongeza uzito wa oili ya kati. Huko mbele, oili nzito inasaidia gari kujivuta wakati wa kutoka kwenye kona, ila inapunguza ukali wa kuingia kona unapoachia mwendo. Nyuma, oili nzito inaongeza msukumo wa kwenda mbele, lakini tako la gari linakuwa tayari zaidi kuchomoka ukibana mwendo ukiwa bado umekunja. Oili nyepesi nyuma inalipatia gari mshiko wa pembeni na kulifanya liwe pole kuendesha.

Vitu vya kuweka mezani

Bisibisi za pembe sita zenye ncha nzima, mara nyingi mm 2.0 na mm 2.5. Ncha iliyolika itaharibu vichwa vya skrubu, na skrubu ya krauni iliyoharibika kichwa ni shida kubwa kuliko kazi yenyewe. Oili ya silikoni, grisi ya gia, grisi ya oringi, gasketi na oringi mpya, shimu (washa nyembamba za kurekebisha nafasi) za saizi ya gari lako. Tishu nyingi, vijiti vya meno, brashi ya meno kuukuu, pamba za masikio, na trei ya rangi nyeupe ili ukidondosha shimu nyembamba uione. Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01 si lazima, lakini ndicho kifaa ambacho ningekununulia kwanza kama ningekuwa na nafasi hiyo.

Oili ya injini usiiweke humo. Ile ya SAE 30 ina karibu 100 cSt kwenye nyuzijoto 40, yaani ni nyepesi mno, itapenya kwenye oringi na haitazuia gia kitu. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo hazilainishi difu. Zinaosha grisi iliyokuwepo na kukimbia.

Hatua ya 1: Kuitoa difu bila kupoteza mpangilio

Toa betri kwanza. Osha au piga brashi vumbi la nje la giaboksi kabla hujafungua hata skrubu moja, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye difu iliyo wazi unageuka kuwa msasa kati ya meno.

Piga picha kila unapotoa kitu. La kuangalia zaidi ni upande ambao krauni imeelekea, kushoto au kulia. Ukiirudisha difu imegeuka, magurudumu ya ekseli hiyo yatazunguka kinyume na ya ekseli nyingine, na gari litajipinga lenyewe. Angalia pia shimu zilizo nje ya beringi: mara nyingi idadi ya kushoto si sawa na ya kulia, na tofauti hiyo ndiyo inayoweka krauni karibu au mbali na pinioni. Usizichanganye.

Hatua ya 2: Kufungua kasha

Shika difu wima, kikombe kimoja kikiwa chini, krauni juu. Legeza skrubu zote kwa zamu, kidogo kidogo kwa mpangilio wa msalaba, usitoe moja yote huku nyingine bado zimebana. Krauni ikigoma kutoka, imeshikwa na gasketi. Izungushe taratibu kwa mkono. Ukiingiza bisibisi bapa kwenye maungio utakwaruza uso ambao ndio unaozuia oili isivuje.

Kabla ya kumwaga, tazama rangi. Oili ya silikoni mpya ni angavu kama maji. Ikiwa imekuwa ya kijivu, ni unga wa chuma uliotoka kwenye meno, na kiasi kidogo ni kawaida kwa gia za chuma, hasa mara ya kwanza. Ikiwa nyeusi tii na ukiisugua kati ya vidole unahisi punje, kagua gia moja moja. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na kama kuna oili kidogo chini tu, pima ilikopitia: unyevu kwenye kikombe cha shafti unaonyesha oringi, unyevu kuzunguka krauni unaonyesha gasketi au skrubu zilizolegea.

Hatua ya 3: Kusafisha

Futa oili kwa tishu mara nyingi kadiri uwezavyo kabla ya kutumia kimiminika chochote. Spiriti haiyeyushi oili ya silikoni vizuri; ukiitegemea peke yake utabaki na utando unaoteleza. Maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo na brashi ya meno yanafanya kazi nzuri zaidi kwa vipande vya plastiki. Kwa gia za chuma unaweza kupulizia kisafishaji cha mota au cha breki, lakini kisiguse kasha la plastiki wala oringi, kwa sababu vingine hupasua plastiki na kuvimbisha mpira. Kausha kila kitu, pamoja na matundu ya skrubu. Oili ikibaki kwenye tundu, skrubu italegea.

Sasa kagua. Shika gia ya msalaba kwenye mwanga na uizungushe: kila jino liwe na ncha yake, bila mng'ao wa upande mmoja uliokatwa bapa. Pitisha ukucha kwenye pini. Ukikwama kwenye mkato, pini imelika na inataka kubadilishwa, maana ukiacha hivyo gia itayumba na kula mwenzake. Tazama pia shingo ya kikombe cha shafti mahali oringi inapokaa. Mfereji hapo utavujisha hata oringi mpya.

Oringi kuukuu nashauri zitupwe kila difu inapofunguliwa. Ni za bei ndogo kuliko sehemu nyingine zote, na zile za mpira wa silikoni huvimba taratibu zikikaa kwenye oili ya silikoni, hivyo hazirudi kwenye umbo lake.

Hatua ya 4: Kupanga upya

Paka grisi ya oringi kwenye oringi mpya mpaka ing'ae pande zote, kisha jaza grisi hiyohiyo kidogo kwenye tundu inamokaa. Ingiza kikombe cha shafti kwa kukizungusha huku ukisukuma. Ukikisukuma moja kwa moja, ukingo wa chuma unaweza kukata oringi na hutajua mpaka oili ianze kutoka.

Weka shimu, kisha pini inayopita kwenye shafti, halafu gia ya pembeni iikalie pini hiyo vizuri. Gia ya pembeni isiyokaa sawa huinuka kidogo upande mmoja. Ibonyeze kwa kidole na izungushe uone kama inayumba. Fuata gia za msalaba na pini zake.

Hapa, kabla ya tone la oili, jaribu kuizungusha difu ikiwa kavu. Weka krauni juu na gia yake ya pembeni, bana kwa mkono, zungusha vikombe. Gia zizunguke kwa wepesi bila kugota. Zikiwa na nafasi kubwa inayogonga, ongeza shimu ya mm 0.1 nyuma ya gia ya pembeni. Zikiwa zinakaza, punguza. Kipimo hiki hakiwezekani tena ukishajaza, kwa sababu oili inaficha kila kosa.

Hatua ya 5: Kujaza

Kwenye hatua hii usiwe na haraka. Simamisha kasha likiwa wazi juu, mimina oili taratibu mpaka ifike usawa wa pini za msalaba. Sasa shika kikombe cha chini na uzungushe huku na huku. Utaona mapovu yakipanda kutoka chini ya gia: kwanza makubwa yanayopasuka yenyewe, kisha madogo madogo yanayong'ang'ania kwenye mizizi ya meno. Endelea kuzungusha mpaka makubwa yaishe, halafu iache itulie. Oili ya 3,000 au 5,000 hujisafisha kwa dakika chache. Ya 30,000 inahitaji nusu saa au zaidi. Ya 100,000 na kuendelea iache kwa saa kadhaa.

Hewa ikibaki nyingi, gia zinapita kwenye mapovu badala ya oili na difu inakuwa nyepesi kuliko namba iliyo kwenye chupa. Usawa ukishuka baada ya mapovu kutoka, ongeza oili hadi izifunike gia za msalaba kwa shida. Usijaze mpaka kwenye ukingo. Oili ya silikoni hutanuka ikipata joto, na joto lake likipanda kwa nyuzijoto 50 ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 5. Kasha lisipokuwa na nafasi hiyo, oili itajitafutia njia kupitia oringi.

Hapa ndipo mizani inaponilazimisha kuirudia. Weka kasha na gia zake kwenye mizani likiwa halina oili, sawazisha kwenye sifuri, jaza hadi usawa unaoutaka, kisha andika gramu. Mara inayofuata jaza hadi gramu zilezile. Ukibadilisha kutoka 5,000 kwenda 7,000 utakuwa na hakika kwamba badiliko unalolihisi kwenye gari limetoka kwenye mnato, halikutoka kwenye tone moja la ziada.

Kwa oili nzito sana, weka chupa kwenye maji ya moto kwanza ili ilegee. Oili ya 500,000 haitapenya yenyewe chini ya gia hata ukiingoja. Paka tabaka chini ya kasha kabla ya kuweka gia, kisha jazia kati ya meno kwa kijiti cha meno, tabaka juu ya tabaka.

Huna namba unayotaka? Unaweza kuchanganya oili mbili za mtengenezaji mmoja, ila hesabu yake si ya kugawanya kwa mbili. Nusu ya 1,000 na nusu ya 10,000 hutoa karibu 3,000, haitoi 5,500, kwa sababu oili nyepesi ina nguvu kubwa kwenye mchanganyiko. Pima kwa uzito, koroga polepole, na uache mapovu yatoke siku nzima.

Hatua ya 6: Kufunga

Futa uso wa kasha na wa krauni mpaka ukauke. Weka gasketi matundu yakiwa yamelingana, paka grisi ya oringi kwa utando mwembamba kama gasketi ni ya karatasi, kisha shusha krauni.

Skrubu zinazoingia kwenye plastiki zina namna yake. Iweke kwenye tundu na uizungushe kinyume, kama unayeifungua, mpaka uhisi imedondoka kidogo. Hapo imeingia kwenye njia iliyokatwa zamani, sasa kaza. Ukianza kukaza moja kwa moja unakata njia mpya, na baada ya mara tatu nne tundu halishiki tena. Kaza kwa msalaba, kila moja kidogo, mizunguko miwili au mitatu mpaka zote zikae. Zikishika, ishia hapo. Gundi ya kufungia skrubu ni ya chuma kwa chuma pekee. Kwenye plastiki inaweza kuipasua.

Shika krauni, zungusha kikombe kimoja. Cha pili kizunguke kinyume, kwa uzito ulio sawa mzunguko mzima. Kisha iache difu juu ya tishu usiku mmoja, kikombe kikiwa chini. Alama ya mafuta asubuhi ni heri uione mezani kuliko ndani ya giaboksi.

Krauni na pinioni

Kwa gia za chuma kwa chuma, grisi yenye molibdeno ndiyo chaguo langu. Gia za plastiki zipewe grisi ya silikoni au ya lithiamu iliyoandikwa kwamba ni salama kwa plastiki. Paka kwa brashi ndogo mpaka kila jino liwe na utando unaouona lakini usioweza kuuchota. Grisi ya kujaza giaboksi haisaidii: krauni inaitupa ukutani na inabaki huko, na ile inayofika kwenye beringi inakusanya uchafu.

Kabla ya kufunga giaboksi, zungusha pinioni kwa vidole na utikise krauni mbele na nyuma. Unatafuta mchezo mdogo sana, kiasi cha kuhisi na karibu usiuone. Krauni ikicheza sana, hamisha shimu moja ya nje ya beringi kutoka upande wa meno ya krauni kwenda upande wa mgongo wake, ili isogee karibu na pinioni. Ikikaza mahali pamoja tu kwenye mzunguko, krauni haijakaa sawa kwenye kasha, fungua skrubu zake uangalie kama kuna uchafu chini.

Gia ya mota na gia kubwa inayokutana nayo, zikiwa wazi kwenye chasi, ziache kavu. Grisi pale inashika mchanga na kula meno haraka kuliko ukavu.

Difu isiyo na oringi, na difu ya gololi

Kwa difu ya gia isiyofungwa, tumia grisi nzito inayonata. Tamiya wana grisi yao ya kuzuia kulika (Anti-Wear Grease) ambayo wengi huitumia kwa kazi hiyo, ingawa jina lake linaizungumzia kama kinga ya meno. Jaza kati ya gia za msalaba na za pembeni, na ujue itapungua nguvu polepole kadiri inavyosukumwa kwenye kuta. Kama unataka tabia isiyobadilika, tafuta difu ya oili inayotengenezwa kwa chasi yako.

Difu ya gololi inategemea msuguano, kwa hiyo grisi yake ni ile ya silikoni angavu iliyotengenezwa kwa gololi za difu, kiasi kidogo kwenye kila gololi. Grisi nyeusi ya molibdeno inakaa kwenye beringi ndogo ya kubana iliyo kwenye skrubu ya katikati, na isiguse gololi kubwa kabisa, maana zitateleza. Sahani zenye alama ya mfereji zisugue kwenye msasa wa maji wa 600 hadi 1,000 ulioulaza juu ya kioo, kwa mwendo wa namba nane, au zigeuze utumie uso wa pili. Kaza skrubu kwa awamu, huku ukizungusha difu katikati ya kila awamu. Kisha funga kwenye gari, shika gurudumu moja, endesha kwa mwendo mdogo kwa dakika moja, badilisha upande, na ukaze tena kidogo. Ukishika magurudumu yote mawili na kusukuma gia kubwa kwa kidole gumba, isisogee.

Baada ya hapo

Inua gari, bana mwendo kidogo, hakikisha magurudumu yote yanakwenda upande mmoja. Endesha betri moja kwa utulivu, kisha kaza tena skrubu unazozifikia.

Difu ya gari jipya ifungue mapema, baada ya betri chache, kwa sababu gia mpya hutoa unga mwingi wa chuma na viwanda vingine hujaza oili kwa uchache. Baada ya hapo, anayeshindana anabadilisha kila baada ya shindano moja au mawili. Anayechezea nyumbani anaweza kwenda miezi kadhaa, mradi asikilize. Njia ya haraka ya kupima bila kufungua: shika gurudumu moja, zungusha lenzake, na ulinganishe na ulivyokumbuka siku ulipojaza. Ikizunguka kwa wepesi kuliko siku ile, oili imepungua. Ikigota, kuna jino lililoharibika. Gari likiwa limezama kwenye maji, usingoje dalili yoyote, fungua wiki hiyohiyo kabla beringi hazijashika kutu.

Andika kwenye kipande cha plasta namba ya oili, gramu na tarehe, ukibandike chini ya chasi karibu na kila difu.